Harambee ya Chupa Kumi na Mbili

Ndugu wazazi, walezi na majirani wetu wa Mbagala,

Kijana wetu wa darasa la pili, yule asiyekosa mchakamchaka, siku hizi akija wiki moja hukosa mbili. Nimonia, masikio kutoa usaha, halafu nimonia tena. Mtaani yamesemwa mengi, na mama yake yamemfikia. Kwa ruhusa yake tunasema: si UKIMWI, hajalogwa, wala mtoto wako hataambukizwa kwa kukaa naye dawati moja.

Daktari alimmulika kooni, tonsili hakuziona. Vipimo vikaonyesha kwamba kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, karibu hana kabisa. Mwilini kuna protini iitwayo BTK, kazi yake kupeleka ujumbe ndani ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu): kua, ongezeka, tengeneza kingamwili. Kwake ujumbe haufiki, na seli zinakwama kwenye uboho kabla ya kukomaa. Uchangani alikuwa na afya kwa kuwa alizaliwa na kingamwili za mama yake. Zilipoisha, homa zikaanza. Kinasaba chenye hitilafu kipo kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana. Mama anaweza kukibeba bila kuugua wala kujua, kwa hiyo wanaomlaumu wamwache.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1952 na Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani. Herufi B katika BTK inatokana na jina lake, Bruton. Protini yenyewe ilitambuliwa 1993. (Wapo wagonjwa wa saratani za damu ambao BTK yao huzimwa makusudi kwa dawa kama ibrutinib. Wetu hana hata ya kuzima.)

Wengi mmeuliza: si twende tukamtolee damu? Asanteni, lakini chupa ya damu haina kingamwili za kumtosha. Anachohitaji ni imunoglobulini, yaani kingamwili zilizochujwa kiwandani kutoka plazima (majimaji ya damu) ya watu zaidi ya elfu moja. Dawa yenyewe, ukiitazama, ni mchango wa watu wasiojuana. Haimponyi, inamkinga kwa wiki tatu au nne, kisha lazima arudie, maisha yake yote.

Ana kilo 20. Dozi yake ni gramu 10 kwa dripu kila baada ya wiki nne: chupa mbili za gramu 5. Tunaomba dozi sita za kwanza, wakati familia ikihangaikia bima. Chupa zitalipiwa moja kwa moja duka la dawa na kubaki huko kwenye friji, maana joto la Dar mnalijua.

Tukutane Jumamosi baada ya kikao cha wazazi. Mama anayeuza vitumbua getini ameshatangulia kutoa mauzo yake ya siku nzima. Mweka hazina atakuwa na daftari na risiti. Asiye na kitu mkononi aandikishe ahadi, daftari halifungwi hadi mwisho wa mwezi.

Kamati ya Wazazi