Kwako Baba Zawadi, kabla sijaenda kwa kocha

Kamukunji, Nairobi
Jumapili jioni

Baba Zawadi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, ila masikio tu. Nagonga mabati tangu asubuhi mpaka giza, na nikifika nyumbani mtoto aniite mara tatu ndipo nisikie. Barua hii nimempa Mama Zawadi akutie mkononi. Kwa simu ungeleta mzaha, mimi ningecheka, na mambo yangeishia hapo kama siku zote.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nikuombee kwa kocha urudi ukumbini kwenye ngumi, upate mapambano mawili matatu kabla mwaka haujaisha. Sijamwambia. Hii ni wiki ya pili nimeukalia, usidhani nimesahau.

Unakumbuka begi lako lilibaki kwangu? Jumamosi nilikuwa nalitafutia nafasi chini ya kitanda, nikalifungua. Bandeji za mikono ziko vile vile ulivyozivua siku ile, zimekakamaa kwa jasho, zina umbo la ngumi utadhani mkono bado umo ndani. Glavu ya kulia ilikuwa tupu. Ya kushoto ilikuwa na kachupa, kale ka robo, kifuniko kimekazwa vizuri.

Siku ile ulikuwa unanuka, ndugu yangu. Daktari wa mashindano alikuinamia akuangalie macho, akarudi nyuma, akaniangalia mimi. Nikamwambia ni dawa ya kikohozi. Akaandika, akaita mwingine. Raundi ya pili ukapigwa ile ya kulia ambayo zamani ungeikwepa huku unasinzia, ukaanguka, ukainuka ukimtafuta refa upande ambao hakuwepo. Siku mbili nzima hukukumbuka tulirudije Kaloleni. Waliouliza niliwaambia ulipanda ulingoni na mafua. Huo uongo ni wangu, siutupi kwako.

Na tunajua sote wawili kwamba pombe haikuanzia ulingoni. Ilianza mdogo wako alipogongwa akiwa kwenye bodaboda pale Jogoo Road. Mazishini ulishika koleo hukumpa mtu mwingine, na hukutoa chozi. Wiki mbili baadaye ulikuwa ukumbini unalipiga gunia mpaka kocha akaja kukushika mabega. Sisi tukasema, huyu ni mwanaume kweli. Tulikuwa wajinga. Kuna simu aliyokupigia jioni ile usiipokee. Uliniambia mara moja tu, umelewa, kesho yake ukakana. Nisamehe nikiitaja hapa, lakini nadhani kidonda kiko hapo, na hapo kocha hawezi kukusaidia. Yeye anajua mikono na miguu.

Utaniambia ukianza mazoezi pombe itaondoka yenyewe. Unakumbuka kocha alivyopenda kutusimulia habari za Henry Rono, yule mkimbiaji wetu, tukiwa tunaruka kamba? Mwaka 1978, rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na zile za kuruka viunzi na maji. Akifika hapo anapuliza filimbi. Yaliyobaki nimekuja kuyasoma mwenyewe. Rono alianza kunywa, akanenepa, watu wakasema amekwisha. Mwaka 1981 akajikimbiza mpaka mwili ukarudi, na Septemba, kule Knarvik, Norway, akaivunja tena rekodi yake ya mita 5,000. Na kunywa hakuwa ameacha! Nani angemwambia ana shida, na saa inaonyesha vile? Ile rekodi ndiyo iliyomficha. Miaka iliyofuata, huko Marekani, aliosha magari, akalala kwenye makao ya wasio na nyumba, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Kuacha aliacha, lakini baadaye sana. Alirudi nyumbani 2019, akafariki hapa Nairobi Februari 2024. Mimi kule kuacha kwake nakuheshimu kuliko hizo rekodi zote nne, ingawa sijui kocha angekusimulia vipi mtu akiwa anaruka kamba.

Tena yeye alikuwa mkimbiaji. Mkimbiaji akija na ulevi wake anaachwa nyuma, basi. Wewe mbele yako atasimama kijana wa miaka 20 ambaye hana habari ya mdogo wako, na kazi aliyotumwa ni kukupiga kichwani.

Sasa nisikilize. Usije ukajifungia chumbani uache ghafla ili unionyeshe. Mama Zawadi ameniambia asubuhi mikono inakutetemeka mpaka chai inamwagika. Mwili uliozoea pombe hivyo ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuangushwa na degedege, na watu hufa. Hiyo inataka daktari. Nafikiria pale hospitali ya akili ya Mathari, Thika Road. Najua jina lenyewe litakukasirisha, tumekua tukitukanana nalo. Lakini wanatibu ulevi pale, na utapata mtu wa kuzungumza naye kuhusu ile simu. Ukiona haya, kwanza piga 1192 ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi, haikati pesa.

Kwa kocha nitaenda. Nitaenda siku tutakayokwenda wawili, nami nimweleze pia habari ya dawa ya kikohozi. Akitufukuza wote, sawa.

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Saa mbili asubuhi nitakuwa Ngara, pale matatu za Thika Road zinapopakia. Sitakupigia kukukumbusha. Beba kitambulisho. Na kama utakuwa umekunywa, njoo hivyo hivyo.

Bandeji nimezifua, ziko kwenye kamba. Kachupa nilikamwaga chooni. Mama Neema akaniuliza harufu hiyo ni ya nini, nikajikuta tayari nimeanza kumwambia ni dawa ya kikohozi.

Ni mimi,
Baba Neema