Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tenki Lililojaa Halizuii Mafuriko

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi naomba niseme habari ya matenki yetu ya kukinga maji ya mvua.

Dar es Salaam haikosi mvua. Mwaka wa kawaida tunapata kama milimita 1,100. Paa la bati la mita za mraba 60, hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea, linatupa lita 52,000 na ushei. Familia inayotumia madumu matano kwa siku, kwa kufua, vyombo na choo, inahitaji 36,500 tu kwa mwaka. Shida ni majira. Masika inamwaga kwa mpigo, halafu Juni hadi Septemba mvua ni haba. Mvua isiponyesha, tenki la lita 2,000 linakauka siku ya ishirini. Kuvuka kiangazi chote bila kutegemea mvua kunataka zaidi ya lita 12,000, na wengi wetu hatuna pa kuliweka tenki la ukubwa huo.

Vijana wetu, nawashukuru sana, walichukua daftari la mvua wakapiga hesabu kwenye kompyuta siku baada ya siku: maji ya jana, ongeza ya paa, toa yaliyotumika, yanayozidi yamekwenda mtaani. Hapo ndipo tulipoona tulivyokosea kudhani tenki la akiba linazuia pia mafuriko. Tenki la akiba linatakiwa lijae. La kuzuia mafuriko linatakiwa liwe tupu. Mwezi wa nne, saa tano usiku, nilisimama uani kwa mwanachama mmoja wa bondeni. Tenki lilikuwa limejaa tangu juzi yake. Maji yakatokea kwenye mfuniko, yakapita chini ya geti, yakaungana na ya jirani kuelekea Mto Msimbazi. Usiku ule tenki lile halikusaidia chochote.

Kamati inapendekeza koki ndogo iwekwe katikati ya tenki. Nusu ya chini ibaki akiba. Ya juu ichuruzike taratibu mvua ikikatika. Mvua ya milimita 50 inashusha lita 2,400 kutoka paa hilo, na nusu iliyo tupu ya tenki la lita 2,000 inapokea 1,000. Nyumba hamsini ni lita 50,000 ambazo hazikufika mtaroni kwa pamoja. Mwishoni mwa Mei koki inafungwa, tenki linajaa kwa kiangazi.

Najua kumwaga maji kunauma, hasa kwa aliyepanga foleni na madumu mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu unaolisha mabomba ya jiji ulipopungua. Mimi pia nilipanga. Lakini tutaanza na nyumba za mlimani, yangu ikiwa ya kwanza, kwa sababu maji yetu ndiyo yanayowashukia wenzetu wa bondeni.