Barua kwa Mwalimu Neema kuhusu samaki wa Mtera

Dodoma,
14 Juni

Mpendwa Mwalimu Neema,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kondoa, wewe na wanafunzi wako. Sisi hapa tu wazima, ila upepo na vumbi la kiangazi vimeshaanza.

Umeniuliza kama samaki wako mkubwa wa Bwawa la Mtera ni perege au sato. Pale Soko la Majengo swali hilo humalizwa na bei, lakini wewe unayetaka kumhifadhi katika chupa ya maabara na kumpa jina la kisayansi huwezi kuishia hapo. Tazama mkia kwanza. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba ya wima iliyopangika mkiani kote, lakini perege wa Ruaha na Rufiji, Oreochromis urolepis, hana mpangilio huo. Na dume la perege huyo, wakati wa kuzaliana, huwa jeusi, taya zake hutanuka, na ukingo wa pezi la mgongoni huwa mwekundu. Katika picha yako mkia umekunjamana kama kitambaa kilicholowa, kwa hiyo siwezi kuapa. Isitoshe, sato akiingizwa katika maji ya perege, wawili hao huzaliana, na watoto wao hubeba alama za pande zote mbili. Samaki asiyekaa huku wala kule usimlazimishe jina.

Kuhusu wale wawili wenye ndevu, ulioandika kuwa wote ni kambale, hapo sina shaka: mmoja si kambale. Kambale (Clarias gariepinus) ana pezi moja refu la mgongoni lisilo na mwiba, linalokaribia mkia wake wa duara. Huyo wa pili ana pezi fupi mbele, kisha pezi la nyama nyuma yake, na mkia uliogawanyika panda. Huyo ni kitoga, Bagrus orientalis. Ukija kumpata ngogo (Synodontis), samaki mwingine mwenye ndevu, utamjua kwa miiba yenye meno kama msumeno na kwa ndevu za chini zenye matawi. Mshike kwa uangalifu, kwani mimi kidole kiliniuma siku mbili.

Jambo ninalotaka hasa ulizingatie ni lebo. Umeandika “Samaki wa Dodoma”, nami ninakuomba ulifute neno hilo, maana maji ya mkoa huu hayaendi njia moja. Mto Bubu, huo unaopita kwenu, huishia katika kinamasi cha Bahi wala haufiki baharini. Kinyasungwe, wenye bwawa la Hombolo, hupeleka maji yake Wami. Kizigo huingia Ruaha Mkuu pale Mtera, na kutoka hapo hadi Rufiji. Perege wa Hombolo na perege wa Mtera wanaweza kufanana machoni, lakini mito yao haikutani popote nchi kavu, na mtu atakayewachunguza baadaye atahitaji kujua kila mmoja alivuliwa wapi. Nilijifunza hili kwa aibu: nina chupa tatu nilizoziandika “perege, sokoni” miaka ya nyuma, na leo hazimfai mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Basi ukirudi Mtera, mnunue samaki kwa mvuvi mwenyewe, si kwa mchuuzi, na umuulize alitega nyavu upande gani. Mpige picha akiwa bado mbichi, ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea kushoto, mapezi yamekunjuliwa kwa pini na rula ikiwa chini yake, kwa sababu rangi hupotea kabla hujafika nyumbani, na formalini, dawa ya kumhifadhia samaki, humalizia zilizobaki. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni uniandikie idadi yake, pamoja na picha ya mkia ulionyooka.

Rafiki yako,
Elia