Mwanangu, usitume hela ya BMW kwanza

Masasi, Julai

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na picha zote nimeziona. Huku hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua kama siku zote, ila akisikia umetaja pikipiki anapata nguvu za kukusema. Mikorosho imeanza kupulizwa salfa, ile dawa ya unga, upepo ukigeuka dukani inanuka mpaka jioni.

Umeuliza jambo moja, nami nakujibu hilo hilo: kati ya Honda Gold Wing ya Dar na BMW ya Mikindani, uchukue ipi. Chukua BMW. Lakini usitume hela bado, na kinachonifanya nikuzuie hakiko kwenye injini. Nitakifikia.

Gold Wing ni pikipiki ya heshima, hilo sibishi. Honda walipoitoa 1975, silinda nne na injini ya kupozwa kwa maji, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa safari ndefu. Ila huyo muuzaji wako anakusifia eti tangi halina hata mkwaruzo. Baba, lile si tangi. Kwenye GL1000, ndiyo hiyo Gold Wing ya mwanzo, mafuta yanakaa chini ya kiti. Kile unachokiona juu ni kasha la vitu vya umeme, chujio la hewa na vikorokoro vingine. Mtu asiyejua petroli inawekwa wapi hajawahi kuihudumia hiyo pikipiki. Ina mikanda miwili ya mpira inayoendesha valvu, na mpira unazeeka hata chombo kikiwa kimelala. Ukikatika njiani, valvu na pistoni zinagongana, na hapo umenunua vyuma chakavu. Kabureta nne. Koili ya kuchaji iko nyuma ya injini, ukitaka kuifikia lazima injini ishuke. Ukikwama Nangurukuru saa kumi na mbili jioni, nani akushushie injini ile? Iache hapo ilipo.

Sasa BMW. Jumamosi nilikwenda Mikindani kuiona, nikamchukua yule fundi wa kibanda cha mbele ya duka. Imewekwa stoo nyuma ya nyumba, imeegemea mifuko ya salfa ya msimu uliopita, vumbi la njano limeipaka mpaka huoni rangi. Ni R80/7, toleo lililoanza kutoka 1977, injini ya cc 797, pistoni mbili zimelala, moja kulia moja kushoto. Haina cheni, nguvu inakwenda tairi la nyuma kwa shafti.

Fundi alitoa plagi zote mbili, akaweka gia ya tano, akasimamisha stendi ya katikati na kuzungusha tairi la nyuma kwa mkono, polepole. Kwanza likagoma, kisha likaenda. Nikaziba tundu la plagi ya kushoto kwa kidole gumba, upepo ukakisukuma. Kulia vile vile. Basi injini haijakamata, yaani pistoni hazijaganda ndani. Ingekuwa imekamata ningemzuia asilazimishe; unamimina mafuta mepesi kwenye silinda, unaiacha siku kadhaa, unajaribu tena. Wenye haraka ndio wanaovunja ringi.

Unajua mimi si fundi, mimi ni muuza spea. Fundi akisimama mbele ya chombo cha zamani anaangalia kilichoharibika. Mimi naangalia kisichokuwepo, maana hicho ndicho kitakachomaliza hela yako. Wewe kwenye picha umeogopa tairi zilizopasuka, kiti kilichoraruka, kutu ya ekzosi na beringi za magurudumu. Hivyo vyote havinitishi. Beringi haina kabila: ikiandikwa 6203 basi tundu lake ni milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, iwe ndani ya pikipiki ya Mjerumani au kwenye mashine ya kusaga ya Newala. Sili za oili hali kadhalika, vipimo vyake vitatu vimeandikwa mgongoni. Waya wa klachi unatengenezwa. Kiti kinashonwa. Bushi iliyokula inakerezwa, na ukitaka mikono ya kuaminika ipeleke Ndanda kwa Wabenediktini. Wako pale tangu 1906 na mambo ya karakana si mageni kwao.

Kinachotisha ni vile vidogo ambavyo ni vya pikipiki hiyo tu. Mimi nilihesabu vifuniko vya pembeni (cha kushoto hakipo, na hapo ukate bei), saa za mbele, ufunguo, vifuniko vya kabureta, pampu ya breki ya mbele. Hiyo pampu fundi wetu aliitafuta kwenye usukani akaikosa, akasema imeibwa. Haijaibwa. Kwenye matoleo yale wameificha chini ya tangi, inavutwa kwa waya. Tulipoinua tangi tukaikuta, imevuja, na ile oili ya breki imekula rangi ya fremu. Vifaa vya kuikarabati vinapatikana, lakini usiendeshe hata mita mia kabla haijafunguliwa.

Tairi nakwambia kabisa sasa nisije nikakukuta umeshafunga. Ya mbele ni 3.25-19, ya nyuma 4.00-18. Inchi 18 naiuza kila siku, ila ya bodaboda ni 3.00, nyembamba. Kuna mtu atakuambia “inaingia mama yangu, inaingia.” Itaingia ndiyo. Pikipiki hiyo ina zaidi ya kilo 200 kabla hujapanda wewe na mizigo. Na tairi ukiletewa mpya, soma namba nne za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa na tarakimu tatu, imetengenezwa kabla ya 2000, mrudishie mwenyewe.

Salfa imefanya kazi yake kwenye umeme. Nilichomoa soketi moja nyuma ya taa ya mbele, vichwa vya shaba vimekuwa vyeusi tii, mtu angeapa vimeungua. Salfa ikikaa na shaba ndivyo inavyofanya, na ukijumlisha chumvi ya bahari ya Mikindani, umeme unapita kwa kusuasua. Usikimbilie kubadilisha waya zote. Safisha kichwa kimoja kimoja, paka grisi kidogo, ndipo upime. Chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye pete mbili za rota ya alternata, ile inayochaji betri: ikisoma omu tatu na kidogo, shukuru Mungu, isiposoma kitu, imekatika ndani, nao ndio ugonjwa maarufu wa injini zile. Kabla hujafungua kifuniko cha mbele cha injini, toa waya hasi wa betri. Hapo ndani kuna bodi ya dayodi, na kifuniko kikiigusa umeme ukiwepo, umeichoma.

Kabureta ni Bing, moja kila upande, ziko nje, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipenda BMW: fundi wa Masasi mwenye spana za kawaida anazifikia bila kubomoa kitu. Juu ya kila moja kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, injini inawaka vizuri na kunguruma, ila ukivuta mafuta haiendi. Utaambiwa injini imechoka, ifumuliwe. Ukisikia hivyo funga mfuko wako, fungua kabureta. Viwambo agiza viwili, vyepesi, mtu anakuja navyo hata kwenye begi la mkononi.

Nafasi za valvu zipime injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.10, ya kutolea moshi 0.20. Andika kwenye daftari kila unapopima. Injini hizi zilitoka zamani za petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yanalinda viti vya valvu, na kwetu huku kusini mwa Sahara petroli hiyo ilikoma mwanzoni mwa 2006. Nafasi ya valvu ya moshi ikiwa inapungua kila ukipima, valvu inazama kwenye kiti chake. Hiyo ni kazi ya kichwa cha injini na inataka mtu anayeijua, lakini haiji ghafla, daftari litakuonya mapema.

Tangi lina kutu ndani, nimemulika kwa tochi. Kokoto ndogo, siki, utikise, usuuze vizuri, ukaushe. Likitoboka usimpelekee mchomeleaji likiwa tupu kwa kuwa “halina petroli”. Mvuke ndio unaoua, si petroli.

Halafu umeniandikia habari ya rangi, unataka nyekundu ya kung’aa. Mimi naona rangi ije mwisho, na ikiwezekana isije kabisa. Pembeni mwa tangi kuna mistari myembamba. Nimeifuta vumbi kwa kanga yangu nikaiona, inatetemeka kidogo kwenye kona kwa kuwa kiwandani ilichorwa kwa mkono. Ukiipulizia sprei hapo, huyo uliyemlipa hawezi kukurudishia. Watu wanaouza vyombo vya zamani wanapenda sana sprei, inafunika puti. Mimi pikipiki chafu iliyokamilika naiamini kuliko inayong’aa.

Nije kwenye lile la kukuzuia. Kadi ya usajili ipo, nimeishika. Namba ya fremu nimeisoma shingoni mwa usukani, ya injini iko upande wa kushoto juu ya kijiti cha kupimia oili, na kwa matoleo yale kiwandani zilikuwa zinafanana. Hizi zinafanana, na zinalingana na kadi. Mpaka hapo safi. Tatizo ni jina. Kadi ina jina la marehemu, na anayeuza ni mjukuu. Kijana mwenyewe hana maneno mengi, hanifichi kitu, alisema tu kwamba babu alimwachia. Labda ni kweli. Lakini nilipokuwa natoka, shangazi yake alinisindikiza mpaka barabarani akaniuliza ninatoa kiasi gani. Mtu ambaye mambo yameisha kwao haulizi hivyo.

Kwa hiyo wakae kikao cha ukoo, wamchague msimamizi wa mirathi, waende mahakama ya mwanzo athibitishwe. Huyo ndiye atakayeuza, huyo ndiye utakayesainiana naye mkataba mbele ya mashahidi, na huyo ndiye atakayekuwezesha kubadilisha jina TRA, mamlaka ya mapato. Hela isipite kwa mjukuu, isipite kwa shangazi, wala isipite kwangu. Najua unawaza nini: minada ya korosho ikianza Oktoba watu watakuwa na hela, na bei ya sasa haitarudi. Ni kweli, mwezi huu kila mtu kusini anauza kitu. Nimewaambia hivi: bei tuliyotaja ninaishikilia, na nitasubiri mahakama imalize. Wamekubali, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja kuiuliza tangu iwekwe pale.

Na hela uliyonayo usiimalize kwenye kununua. Nusu iwe ya spea, na hiyo nusu usiionyeshe mtu, hata fundi.

Jambo la mwisho ni hilo wazo lako la kuiwasha Mikindani na kuja nayo Masasi. Hapana. Najua barabara ni lami siku hizi, na wewe umezaliwa ukakuta mambo yanaelekea kunyooka. Mimi nimesubiri mzigo wa spea kutoka Dar kabla ya daraja la Mkapa, wakati wa masika, gari linazama Rufiji huko na hakuna wa kumuuliza. Lami haibadilishi kwamba breki za hiyo pikipiki zimevuja na tairi zake ni kuukuu. Itapanda Fuso ya mjomba wako. Anashusha mzigo Mtwara kila wiki na anarudi tupu, na amesema atapita Mikindani bila malipo mradi umtafutie watu wanne wa kuinyanyua na kamba za kutosha. Ishikwe fremu, wasiifunge kamba kwenye ekzosi wala kwenye vifuniko vya valvu vilivyochomoza pembeni. Nitakuwepo mwenyewe niwasimamie.

Nipigie kabla ya Ijumaa uniambie kama umekubali tusubiri msimamizi, nimjibu yule shangazi. Na ukipata mtu anayetoka Ulaya, mwagize viwambo viwili vya Bing namba 32, pete za mpira za mirija ya valvu, na kifuniko cha pembeni cha kushoto. Cheusi, kama cha kulia.

Mama yako