Mlenda hauvuti? Soma hapa kabla hujarudisha pakiti

Malalamiko yanayofika dukani kwetu kuhusu unga wa mlenda (majani ya mboga ya utelezi yaliyokaushwa na kusagwa) ni mawili, na yanapingana. Mteja mmoja anasema hauvuti, umekuwa maji ya kijani. Mwingine anasema unavuta mno, lazima tumeuongezea unga wa mahindi. Huyu wa pili jibu lake ni fupi: hatuchanganyi kitu. Uji wa mahindi ukiuinua kwa kijiko unakatika na kudondoka, na ukipoa unaganda. Mlenda unashuka kwa uzi mrefu usiotaka kukatika. Jaribu mwenyewe jikoni.

Huyu wa kwanza ndiye tunayemwandikia, hasa kama umehamia Dodoma kikazi na hukulelewa na mlenda.

Ute wa mlenda ni sukari, ingawa ulimi hauisikii. Ni molekuli nyingi sana za sukari zilizoungana zikawa mnyororo mrefu, na minyororo ya aina hiyo huitwa polisakaridi. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kisha vimeng'enya vyake (protini za kuunganisha au kukata molekuli) huziunganisha mojamoja. Kinachoamua utapata nini ni aina ya sukari na namna ilivyoungana. Chukua juti, ndugu wa baadhi ya mimea tunayoiita mlenda, ambayo India na Bangladesh huilima kwa ajili ya magunia. Shina lake lina nyuzi za selulosi: sukari ya aina moja tu, glukosi, minyororo imenyooka, imelala sambamba na kushikana kiasi kwamba haiyeyuki majini. Wanga wa uwele nao ni glukosi tupu, ila muungano wake ni mwingine; mate na utumbo vinaukata, ilhali wa selulosi hatuna kimeng'enya cha kuukata. Ndiyo maana ugali unakuwa nguvu mwilini na gunia linabaki gunia.

Majani ndiyo yenye ute, na ute ni mchanganyiko wa sukari: ramnosi, galaktosi, na sukari zenye asidi kama zile za pektini, ile inayogandisha jemu. Hizo za asidi zikiwa majini hubeba chaji hasi, zinasukumana, mnyororo unatanuka na kushika maji mengi. Uzi unaouona kwenye upekecho, kijiti cha kupekechea mboga, ndio huo.

Sasa twende kwenye sufuria, maana mara nyingi tatizo liko huko.

Nyanya na ndimu. Ukitia asidi mapema, ile chaji inapungua, minyororo inajikunja, mlenda unalegea. Anayeuchukia utelezi atafurahi. Wewe unayetaka uvute, nyanya zikaange pembeni au ziache kabisa. (Kwa maoni yetu, mlenda wa karanga hauhitaji nyanya.)

Magadi. Kidogo yanalainisha jani na kuachia ute. Yakizidi, halafu ukaacha sufuria ichemke nusu saa huku unasubiri ugali, minyororo inakatikakatika na hairudi tena. Hapo hata uongeze unga, uzi wake ni mfupi. Ncha ya kijiko cha chai inatosha sufuria ya familia, na unga ukishaingia, dakika tano hadi saba kwa moto mdogo, basi.

Mabonge. Unga ukimwagwa wote kwenye maji yanayochemka, punje za nje hunywa maji kwanza na kufunga njia, ndani kunabaki vumbi kavu. Unyunyizie taratibu huku unapekecha, au uchanganye kwanza na karanga zilizosagwa.

Kosa letu likiwepo, huwa kwenye ukaushaji. Majani mabichi yakirundikwa kwenye gunia siku nzima yanapata joto na kuanza kuvunda, na wadudu wa kuvundisha wanakula ute ule ule. Kwa hiyo akina mama wanaotuletea kutoka Chamwino na Bahi, wilaya za hapa Dodoma, tunawaomba wayaanike siku ileile ya kuchuma, kivulini penye upepo. Yaliyoanza kunuka hatununui, hata kama msimu ni mbaya.

Wengi huuliza kama mlenda unatibu kisukari. Hatuuzi dawa. Ute wake kwa sehemu kubwa haumeng'enywi tumboni. Ni nyuzilishe, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoula, na nyuzilishe za aina hiyo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Lakini pembeni ya bakuli hilo kuna bonge la ugali, na huo ni wanga. Kiasi cha ugali kiongee na daktari wako, dawa usiache.

Ukifungua pakiti, hamishia unga kwenye kopo kavu lenye mfuniko na usiingize kijiko chenye maji. Kama umefuata yote haya na bado hauvuti, ulete hata ukiwa umebaki nusu. Tutaupika mbele yako hapahapa dukani, na ukishindwa kuvuta unaondoka na pakiti nyingine.