Serikali isijitoe kwenye roketi

Mhariri,

Wapo wanaotaka serikali ya Marekani iwaachie wafanyabiashara roketi zote. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 2006 NASA, shirika la serikali la anga za juu, iliingia mkataba na SpaceX, kampuni binafsi ya roketi, wa kulipa hatua kwa hatua: kazi ionekane kwanza, ndipo hela itoke. Mei 2012 chombo cha kampuni hiyo, Dragon, kikafika kituo cha anga za juu. Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi yake, Falcon 9, ikarudi kutoka angani, ikatua wima kwa miguu yake minne. Nani angethubutu kukopesha kazi kama hiyo bila mteja wa uhakika kama serikali?

Kweli, mradi wa X-33, chombo cha majaribio cha NASA, ulifutwa mwaka 2001 baada ya tangi lake la hidrojeni kuharibika majaribioni. Hata hivyo, majaribio ya namna hiyo yaendelee kugharimiwa na serikali.

Msomaji wako