Selotepu inawaka, lakini posho ya mionzi hakuna

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nafungasha mizigo Kariakoo, mwaka wa 14 sasa, na selotepu ndiyo jembe langu. Majuzi kijana tunayefanya naye kazi alitusikilizisha sauti ya WhatsApp inayodai kwamba ukibandua selotepu unapigwa na eksirei. Kufika saa nne asubuhi, wenzake wawili wako mlangoni kwa bosi wanadai posho ya mionzi!

Mimi mwanga wa selotepu nimeuona. Mwaka juzi umeme ulikatika tukiwa stoo, na stoo yetu haina dirisha. Macho yalipozoea giza nikavuta selotepu kwa nguvu ili nimalizie katoni. Pale utepe unapoachana na roli pakatokea mstari wa bluu, hafifu, unawaka na kuzima kwa kufuata ule mlio wa krrr. Nikavuta tena, ukaja tena. Nilipowasimulia wenzangu walicheka, mmoja akanishauri nikaombewe.

Mpwa wangu anasomea fizikia, yeye hakucheka. Aliniambia gundi haiachii kilaini: inang'ang'ania, inaachia, inang'ang'ania tena. Kila ikiachia, upande mmoja unabaki na chaji hasi na wa pili chanya, kisha umeme unaruka katikati na naitrojeni ya hewani inang'aa. Ni radi ndogo kuliko ukucha, na kama radi kubwa inavyokwaruza redio, hata hii hutoa mawimbi ya redio.

Eksirei nayo si uongo. Wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti waliiripoti tangu 1953, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipiga picha ya mfupa wa kidole kwa eksirei ya selotepu. Ila selotepu yao ilikuwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, mashine ikiibandua sentimita 3 kwa sekunde. Eksirei hutokea pale elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, zinapogonga kitu kwa kasi kubwa; palipo na hewa zinagongana nayo kabla hazijashika kasi hiyo. Stoo yetu ina joto na vumbi la katoni, lakini hewa ipo.

Posho bosi amekataa. Sasa kijana yule kila jioni anazima taa kabla ya kufunga mzigo wa mwisho, anavuta selotepu tu atazame, na roli zinazopungua naulizwa mimi.

Mfungashaji,
Kariakoo, Dar es Salaam